Dakika Mbili

Themanini na wanne, darasa la pili, Changamwe.
Nikiwapa dakika mbili mbili
kengele italia mara tano
kabla sijamfikia Zuhura wa dawati la nyuma.

Basi naiba:
foleni ya uji, mwisho wa gwaride,
malori ya bandarini yakinguruma nje
hata sauti ya mtoto naisoma midomoni.

Leo zamu ya Nyamawi,
kinara wa kuitikia.
«Kuku anakunywa maji.» Hakwami.
Nafunika picha kwa kidole gumba.

Kimya.
Uji wake unafanya utando.

Miezi saba amesoma kuku,
si neno,
nami nikimtia vema kwa sauti za wenzake.

Kengele. Wamebaki sitini na mmoja.
Nyamawi hainuki.

«Mwalimu, ondoa kidole.»