Udongo wa Njano

Villads amekuja na mashine mpya,
karatasi ya plastiki bado imeng'ang'ania kioo chake,
na swali lile lile nililokuja nalo mimi
siku ya kwanza katika shamba hili la Ejnar,
nje kidogo ya Hurup, upepo wa Bahari ya Magharibi
ukituparura masikio:
unachimba hadi wapi?

Nikamfungulia kiganja.
Ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho: shubiri.
Karibu kila kitu kimo humo.
Vizibo vya bia. Vifungo vya suruali za marehemu.
Sarafu za wafalme waliogawana pua moja.
Risasi za wawindaji waliomkosa sungura.
Na zile pete za makopo ya soda
zinazoimba masikioni sawasawa na dhahabu,
nawe unapiga magoti kama mchumba.

Mtaka cha mvunguni huinama.
Sisi tunataka cha chini ya mvungu.

Mashine itakudanganya, nikamwambia.
Tangazo linasema dhiraa mbili;
labda kwa ndoo.
Mwaka wa themanini na saba nilichimba hadi kiunoni,
matope mpaka kwenye nyusi, moyo ukigonga mbavu,
nikaishia kukumbatia ndoo.
Ya Ejnar. Aliitambua kwa mpini.
Akaomba arudishiwe.

Villads akacheka, kahawa ikammwagikia ndevu.

Basi shubiri. Shubiri na nusu, mwisho.
Hapo udongo hubadilika.
Wa juu ni mweusi, plau imeugeuza miaka mia mbili,
kila kilichomo kimeshahamishwa,
hakuna ajuaye kilitoka chumba gani.
Chini yake ni njano,
njano ya siagi ng'ombe wanapokula majani mabichi.
Plau haijafika hapo.
Kila kitu kingali pale kilipoachwa
na mkono wa mwisho uliokigusa.

Hapo unasimama.

Kwa nini, akauliza, na mimi nikafunga kamba za viatu
zilizokuwa zimefungwa tayari.

Oktoba moja mashine iliendelea kuita, nami nikaendelea.
Njano ilikatika vipande kama mkate.
Nikatoa bizimu ya shaba, kijani kama kabichi,
nzima, ulimi wake ukicheza.
Nikaipeleka makumbusho ndani ya kopo la tumbaku.
Ragnhild aliigeuza kwa kibano, akanisifu,
kisha akauliza, kwa upole wa daktari:
ilielekea upande gani?
Hukuona kivuli mchangani,
weusi mwepesi, kama wa mtu aliyelala ubavu?

Nilikiona.
Nilikitoa kwa sepetu, nikakimwaga kushoto,
nikakirudisha shimoni kimevurugika
na nikakikanyaga mara mbili,
ng'ombe wasije wakajikwaa.

Bizimu iko kwenye kabati la kioo.
Kadi yake ina mstari mmoja.
Mtu mzima, mstari mmoja.

Villads hakusema neno. Akavaa visikizi vyake.
Tulikwenda sambamba juu ya mabua ya shayiri
hadi jua likawa jembamba,
na karibu na ua wa mawe mashine yake ikaita,
si kwa wimbo wa kopo: kwa sauti nzito, ya chini, isiyo na haraka.
Akachimba. Weusi, weusi, weusi.
Njano.
Mashine bado inaita.

Akanitazama, sepetu hewani.
Sikumwambia kitu.
Mvua ilianza, matone machache, ikamlia kwenye kofia.
Akaliweka chini sepetu. Akarudisha udongo kwa mikono,
akachomeka kijiti, akakifunga uzi mwekundu.
Jumatatu tutampigia Ragnhild.

Tulipofika getini akasita.
Na kama ni ndoo?

Basi wataichimba ndoo, nikasema,
kwa brashi, wanda kwa wanda,
na Ejnar, miaka tisini na mmoja,
atangoja zamu yake.