Ta Moja

Mwalimu Shaame kaandika ubaoni
neno dogo, herufi mbili tu: if.
Akalipigia mstari, akatugeukia:
"Huu ni mlango. Hamwingii na kesho mkononi.
Kesho iacheni ng'ambo ya mkato."

Nani aliyeelewa?
Bikombo anauma kucha,
Faki wa Limbani kalala macho wazi,
na mimi, dirishani, nalitazama wingu.

Lilikuwa moja tu, upande wa Mtambwe,
jeusi matako kama sufuria ya shughuli.
Na nyumbani, uani, majamvi matatu ya karafuu,
siku ya tatu juani,
zimeshaanza kugeuka rangi,
ukiivunja moja unaisikia.
Mama kenda Konde mazikoni.
Ufunguo ninao mimi, kwenye pindo la mtandio.

"Mize! Sentensi."

Nikasimama. Kwa Kiingereza cha kuazima
nikasema: kama mvua itanya, nitaanua karafuu.
Mwalimu akaiandika yote, kosa na kila kitu,
kisha akafuta pahala pamoja kwa kidole gumba.
"Umetia ta mbili. Moja ya wizi.
Kwani kwenu mnasemaje, mvua *ikinya*, au sivyo?
Ta iko wapi hapo?
Ki yatosha. Ki ni wingu.
Ta ni wewe unavyokimbia."

Basi nikakaa.
Miaka kumi na saba naitamka ki
sijawahi kuiona,
kama baka la mgongoni, wanaolijua ni wenzio.

"Na sentensi hii ni ya mambo gani?" akauliza Faki, kumbe yu macho.
"Ya yanayoelekea kuwa.
Yasiyoelekea yana sentensi yao, wiki ijayo."
"Nani apimaye, mwalimu?"
Shaame akazungusha chaki vidoleni.
"Msemaji," akasema. "Msemaji mwenyewe."

Nikamkumbuka mama.
Kaka yangu Mkubwa yuko Maskati mwaka wa nane,
simu ya mwisho ilikuwa ya Idi, na si Idi hii.
Na mama kila vuli: Mkubwa akija, tutaezeka banda.
Mkubwa akija, tutamtafutia mchumba Kiuyu.
Jirani siku moja, kwa huruma tu, akateleza:
"Mkubwa *angekuja*, shoga yangu..."
Mama akauweka ungo chini.
"Nge ni mdudu," akasema.
"Mfuge kwako. Kwangu haingii."

Tone la kwanza likagonga bati la skuli.
La pili sikulisubiri.
Sikuomba ruhusa, sikubeba daftari;
limebaki juu ya dawati, limeandikwa nusu,
limeishia kwenye mkato.

Majamvi mawili niliyawahi.
La tatu lilinishinda, nikalikunja na maji yake.

Mama alirudi magharibi, buibui limemgandama,
akaingiza mkono kwenye karafuu mbichi tena,
akazinusa.
Karafuu ya siku tatu ikishaloa, mizani inaijua
na karani wa Shirika anaijua.
Nami nilikuwa nimesimama pale na udhuru wangu wote,
wingu, skuli, ufunguo.
Hakuuliza.

"Jua likitoka," akasema, "zitakauka."

Nikahesabu kimoyomoyo.
Ta ilikuwa moja.