Inamisi

Pazi kaileta asubuhi, kaisukuma kutoka Keko,
Honda ya marehemu mama yake, mkunga,
tenki la bluu lililopauka,
kiti kimeshonwa kwa uzi wa viatu.
"Inamisi," akasema.
Nikamwambia nasikia.

Tak, tak, tak, kimya, tak.
Kama karani anayeita majina, akaruka moja.

Plagi nikaifungua: kahawia, kavu, haina kosa.
Platini nikazipiga msasa, mwanya nikaupima kwa nyembe.
Jeti nikazipuliza kwa mdomo
hadi petroli ikanifuata kwenye chai ya saa nne.
Kondensa nikaazima kwa Mbwilo, nikairudisha.
Nusu ya mafundi wa Gerezani walipita,
kila mmoja na jina lake la ugonjwa.

Saa moja usiku umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukaguna.
Nikapiga kiki gizani, kwa hasira tu,
na hapo nikaiona:
chini ya tenki, waya wa koili unapokwaruza chuma,
cheche ndogo ya samawati
inachungulia, inatoroka,
haifiki ilikotumwa.

"Usiwashe tochi," nikamwambia Pazi. "Njoo utazame."
Akachuchumaa.
Akatazama kuliko waya unavyostahili.

Waya mpya, elfu nne.
Wa zamani akauomba, akauviringisha, akautia mfukoni.
"Hata mimi namisi," akasema,
akacheka peke yake,
akapiga kiki.
Moja tu.

Umeme uliporudi
ulinikuta bado nimekaa, spana mkononi.