Shela la Kukodisha

Ninalo shela moja tu, limeolewa mara kumi na tisa.
Linaning'inia msumarini, nyuma ya cherehani,
hapa Tukuyu, ambako nguo haikauki,
inazoea tu.
Elfu ishirini kwa siku mbili. Likichanika, tutaongea.

Upindo wake ni kipande cha chandarua.
Hajagundua mtu, ila yule muuguzi wa Kiwira:
"Fundi, hiki si cha kliniki?"
Nikampunguzia elfu tano, akapona udadisi.

Hapa pana tundu la pete.
Hapa pana wanja wa Subilaga,
aliyelia tangu Katumba hadi mlango wa kanisa
na watu wakasema ni furaha,
maana kitambaa hakidanganyi, kinapunguza makali tu.
Sabuni ya mche haikuutoa. Siku hizi siusugui.

Asubuhi ukungu hushuka kutoka Rungwe,
hufunika migomba, mnara wa simu, kituo cha polisi.
Mtu hukusalimu kabla hajawa mtu:
"Ugonile?" ni sauti;
kisha kofia, kisha jembe,
kisha mdeni wako, ambaye angejua ni wewe
angepita kimya.

Nami niliwahi kujifunika.
Tulipomzika Gwakisa nilishusha kitenge hadi kwenye nyusi,
nikaketi mkekani, pembeni ya ukuta.
Walidhani aliyefunikwa hasikii.
Shemeji zangu waligawana shamba la chai juu ya kichwa changu,
mstari kwa mstari, hadi mtoni,
na mmoja akauliza cherehani ni ya nani.
Niliwaona wote, mmoja mmoja, kupitia uzi.
Wao waliona kitenge.
Matanga yalipoanuliwa nilikuwa nimeshaificha kwa mchungaji,
ndani ya gunia la viazi.

Jumamosi alilichukua Anyelwisye, binti wa muuza parachichi.
Alilijaribu mbele ya kioo changu chenye ufa,
akalipuliza kwa pumzi, likapanda, likatua.
"Fundi, ukiwa humu ndani, unaiona njia?"
Nilikuwa na pini mdomoni. Sikujibu.

Leo amelirudisha, limekunjwa vilevile nilivyolikunja.
Hakulishusha hata mara moja.
"Siku ile ukungu ulitosha," kasema,
"nilitaka angalau mimi nimwone yeye."

Nimemrudishia elfu kumi.
Nusu ya kazi, nusu ya bei.