Marejesho

Famau aniambia, "Mama, lete risiti zote,"
nami nakimwaga kikapu juu ya meza:
tokeni za stima, sindano pakiti saba,
mafuta ya charahani,
na kipande cha boksi la sigara
alichoniandikia muuza vifungo wa Mombasa
kwa kalamu iliyokuwa ikikata roho.

Mtoto huyu nilimshonea kaptura ya chekechea.
Leo ana kompyuta na kiti cha kuzunguka,
nyuma ya duka la dawa, hapa Langoni,
na mimi ndiye niliyeketi mikono mapajani.

"Usiogope," asema. "Hawatozi kilichoingia, hutoza kilichobaki.
Tuanze na kilichokwenda."

Kilichokwenda!
Nani aliwahi kuniuliza hilo?
Mume, alipokuwa mume, aliuliza kilichoingia.
Dada wa chama, kila Alhamisi, kilichoingia.

Ataka kujua chumba cha kazi kina ukubwa gani.
Narudi nyumbani, navua utepe shingoni,
naipima sakafu kama nipimavyo kiuno:
futi tisa kwa kumi na moja.
Cha kulala, saba kwa nane.
Miaka kumi na tisa sikujua
charahani inalala pakubwa kuliko mimi.

"Basi kodi ya chumba hicho itapunguza kodi."
Neno moja, linajila mkia.

Ada ya skuli ya Rukia? Haimo.
Miwani? Famau ajikuna kisogo.
"Miwani ni yako, mama, si ya biashara."
Lakini uchakavu wa charahani umo:
kila mwaka chuma kinaruhusiwa kuzeeka kidogo.
Macho yaliyodarizi shingo za kanzu mia nne
hayana kisanduku.

"Wapo wasiolipa?"
Wapo. Bibi harusi wa Shela:
gauni alilivaa, ndoa ikavunjika,
akasema nimdai mume.
"Tunaandika."
Timu ya mpira, jezi kumi na nne,
wakafungwa mabao matano, wakanikimbia.
Famau acheka, aandika.

"Na hii? Kanzu moja, darizi ya hariri, elfu nne na mia tano?"

Ya Shekuwe mwashi. Aliiagiza ya Idi.
Idi ikafika, yeye hakufika.
Iko nyuma ya mlango wangu,
mkono wa kushoto ungali na pini.

"Hilo ndilo deni bovu lenyewe," asema, vidole tayari.
"Halilipiki tena. Tunaliondoa kwenye faida."

Namshika kiwiko.
Siku ya mazishi kakake alisimama mlangoni
akauliza mara tatu nani anamdai marehemu.
Nilikuwa dirishani juu, utepe shingoni.
Mara tatu nilinyamaza.
Leo niandike namdai, nipate nafuu?

Famau aitazama skrini kama aliyepotewa na herufi.
"Hakuna pa kuandika nimesamehe, mama."

"Basi ruka."

Aruka. Hesabu yapanda, si sana,
bei ya mabobini kadhaa ya uzi mweupe.
Nalipa kwa simu, ujumbe waingia, wanishukuru
kwa jina langu kamili, la kitambulisho,
ambalo hakuna mtu Lamu aniitalo.

Usiku naichomoa ile pini.
Naupinda mkono wa kushoto, naushona polepole,
karibu na taa, karibu mno.
Uzi huo sikuuwekea risiti.