Kibaba cha Nyigu

Gunia la tatu lilininukia kabla sijalifungua:
harufu tamu ya nafaka iliyolala na unyevu.
Nikatia mkono. Punje zikaja zimeshikana,
zimefumwa kwa uzi mweupe,
na nondo wawili wa rangi ya majivu
wakaruka wakiyumba, wakagonga taa ya sola.

Mwaka ule dumuzi alipoingia huku kwetu Urambo
mama alimwita Skania:
alipakia ghala zima bila risiti.
Nondo hana kishindo cha lori.
Anakaa. Anaoa. Anazaa.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa;
haba na haba hukimaliza pia,
hilo hakuna aliyetukaririsha.

Sungwa, mwanangu, alikwishaleta dawa kutoka mjini,
pakiti ina fuvu la mtu mgongoni.
"Nipishe, mama, ninyunyize."
Subiri, nikamwambia. Leta tochi.

Juu ya utando vilitembea vidudu
vidogo kuliko punje ya uwele,
viuno vimekatwa nusura vidondoke.
Nyigu.
Mimi ni binti wa mrina asali,
nimeumwa kope, nimeumwa ulimi;
hawa hawakunitazama hata.
Mmoja alipigapiga utando kwa vipapasio
kama fundi cherehani anayetafuta upindo,
akasimama, akadunga.
Kiwavi ndani akajikunja mara moja, akalegea.
Kisha nyigu akamtagia mayai,
taratibu, kama mtu anayepanga vikombe kabatini
wageni hawajafika.

"Ataliwa yu hai?"
Ataliwa.
"Basi huyu ni rafiki yetu?"
Sikujibu upesi.
Hakuja kwa ajili yangu. Amekuja kulisha wanawe,
kama nondo, kama mimi
niliyevuna mtama huu na homa mgongoni.

Dawa tumeiweka darini.
Magunia mawili tumeyaanika, tumepepeta,
viwavi walioanguka kuku wamewamaliza.
Lile la tatu limebaki robo, pembeni,
nondo wake ndani, nyigu wake juu:
wakikosa cha kuua, watahama.
Jirani yangu Nyanzala anasema nimeanza kufuga wadudu.
Nimeanza. Mshahara wao kibaba kimoja.

Usiku naweka sikio kwenye gunia.
Sisikii kitu.
Humo ndani mmoja anakula, mwingine analiwa,
na Februari hii bado ina siku kumi na tisa,
na mavuno ni Mei.