Nusu Mzunguko

Kazi yangu ilikuwa vifungo, na pasi ya mkaa.
Baba alishona Mtaa wa Rufiji, chini ya bati linalovuja,
nami, mwenye miaka kumi na mmoja,
nilipuliza makaa nikipiga chafya.

Wakaja wanne kutoka jineri, pamba bado nyweleni:
Lutonja, Magesa, Nkwabi mfupi,
na Bugingo wa Ukerewe, aliyevuka kutafuta kibarua
akajikuta anaimba sauti ya pili.
Wakaweka jalada la santuri mezani kama hati ya shamba.
Santuri yenyewe haikuwamo.

Weusi watano, Wamarekani. Suti moja mara tano.
Goti limekunjwa, mkono umenyooka
kama wanaomwonyesha mtu mlango, kwa adabu.
Hakuna aliyekenua. Hakuna aliyevaa unyoya.
"Tushonee hivi," Lutonja akasema, "kabla ya sherehe ya msimu."

Sherehe baba aliijua. Kila mwaka meneja
alileta wageni wa pamba, na kwa vijana barua fupi:
vifua wazi, ngozi kiunoni, mpige kelele mkiingia.
Baba akaishika picha mbali, akaisogeza karibu.
"Ngozi ina kosa gani? Babu yenu alizikwa nayo."
Nkwabi akajibu huku akiitazama cherehani:
"Babu aliivaa siku yake.
Mimi naivaa siku ya meneja."
Baba akachukua chaki.

Kitambaa kilikuwa bluu, rangi ya ziwa saa kumi na mbili asubuhi.
Kilitosha suti tatu, na mbele ya ile ya nne.
Mgongo wa Bugingo ukakatwa kwenye gunia la unga
lililofuliwa mara nane, maandishi yakakataa kutoka.
"Wewe usigeuke," baba akamwambia.

Kisha taabu nyingine: picha haichezi.
Mguu umeinuliwa, sawa. Utatua wapi?
Usiku wakabishana juu ya mawe ya Mabatini
mpaka Lutonja, mtoto wa wacheza bugobogobo,
akaokota jembe lisilokuwapo,
akalirusha, akalidaka,
na mguu ukajua njia.
Hatua ya kulimia, ndani ya suruali yenye upindo!

Siku ikafika. Suti nilizibeba mimi, kichwani,
sikumruhusu mtu azishike.
Mshereheshaji alikuwa anasoma: "Na sasa, vijana wetu wa porini..."
Wakatokea.
Mikunjo minane, imenyooka kama reli ya Tabora.
Karatasi ikashuka. Akakohoa.
"Mabwana," akasema,
na neno likamtoka kama mwiba wa sato.
Meneja hakukasirika. Alitafuta tu
mahali pa kuweka mikono yake.
Jikoni wanawake wakatoka na miko.

Watatu wakazunguka. Bugingo akaenda nusu,
akasimama, akatabasamu, akarudi.
Ukumbi ukalipuka.
Kesho yake Kirumba nzima ilizunguka nusu:
wanafunzi, wapiga viatu rangi,
hata katekista mmoja, alipodhani haonekani.
Wakauita mtindo.
Mimi na baba tulicheka hadi uzi ukakatika.

Sisemi suti iliwapa utu. Utu walikuja nao,
pamoja na ile pamba nyweleni.
Lakini yako macho ambayo
hayaoni mpaka yafungiwe kifungo.

Mwaka uliofuata barua ikaja: *Suti, tafadhali. Kama zile.*
Baba aliisoma mara mbili, hakucheka.
Na usiku ule Nkwabi akaingia na ngozi ya babu yake,
kifua wazi, hatua zilezile,
kati ya suti tatu za bluu.
Hakupiga kelele akiingia.

Juzi, harusini Ilemela, mjukuu wangu alicheza.
Akaenda nusu, akasimama, akatabasamu, akarudi.
Nani kamfundisha? Hajui. Ndivyo inavyochezwa, ananiambia.
Nikamshika koti, nikalipapasa nyuma kwa kidole cha fundi:
sufu safi, kutoka bega hadi bega.
Geuka, mwanangu.
Geuka yote.